Guangzhou: Utafikia kwa Nani?

Mtu akitangaza pale Kariakoo kwamba wiki ijayo anaruka kwenda China kufuata mzigo, swali la kwanza atakaloulizwa na wenzake si la nauli wala la bei ya vitenge. Ataulizwa: utafikia wapi? Na wale wazoefu, waliokwisha kwenda na kurudi mara sita au saba, hawaulizi hata "wapi". Wao huuliza: utafikia kwa nani?

Msikilizaji, hilo swali la wazoefu ndilo ninalotaka tulizungumze leo. Guangzhou, mji ambao Wazungu kwa karne nyingi waliuita Canton, ni bandari kubwa kusini mwa China, kando ya Mto Lulu. Sensa ya mwaka 2020 ilihesabu humo watu zaidi ya milioni 18. Hoteli zimejaa kila upande, na mwenye fedha zake anaweza kudhani kwamba kuchagua pa kulala ni jambo la kitanda tu: bei, usafi wa shuka, umbali wa kutoka sokoni. Lakini katika mji ule swali la mgeni alale wapi lina umri wa zaidi ya miaka elfu moja, na kwa sehemu kubwa ya miaka hiyo jibu halikutolewa na mgeni mwenyewe. Mji umekuwa ukiipokea mali ya mgeni kwa mikono miwili, huku ukikuna kichwa juu ya mwenye mali.

Tuanzie karne ya 9, zama za watawala wa nasaba ya Tang. Wafanyabiashara wa Kiarabu na Kiajemi, waliosafiri kwa pepo za msimu kutoka Ghuba, waliuita mji huo Khanfu. Katika kitabu cha habari za China na Bara Hindi kilichoandikwa kwa Kiarabu mwaka 851, tunaelezwa kwamba mtawala wa China alikuwa amemteua Mwislamu mmoja awe mwamuzi wa Waislamu wote waliofika Khanfu. Siku za Idi yeye ndiye aliyewasalisha na kuwasomea hotuba. Wachina wenyewe waliuita mtaa wa wageni hao fanfang, na huko wageni walikuwa na kadhi wao, soko lao na ibada yao. Msikiti wa Huaisheng, wenye mnara wa mita 36, umesimama hadi leo katikati ya mji. Waislamu wa pale husimulia kwamba ulijengwa na sahaba wa Mtume. Wanahistoria wengi wanaona kwamba ni wa baadaye. Mabishano hayo tuwaachie wenyewe.

Mtaa wa wageni una raha yake. Unaamka unasikia lugha yako, unakula chakula unachokijua, ukidhulumiwa unaye wa kumwendea. Lakini una hatari yake pia, nayo ni kwamba kila mtu anajua mnapolala. Mwaka 879 mji uliangukia mikononi mwa mwasi mmoja aliyeitwa Huang Chao, ambaye hapo kwanza alikuwa mfanya magendo ya chumvi. Abu Zayd wa Siraf, aliyeandika miongo michache baada ya hapo, anasema waliouawa miongoni mwa Waislamu, Wayahudi, Wakristo na Waabudu-moto walifika watu 120,000. Wanahistoria wengi wa leo wanasema idadi hiyo imetiwa chumvi (na mimi sikukusudia mzaha kwa kutumia msemo huo). Lakini linaloshtua zaidi ya idadi ni maelezo ya Abu Zayd juu ya namna ilivyojulikana. Anasema ilijulikana kwa sababu Wachina walikuwa wamewaandika wageni hao wote katika madaftari, ili kuwatoza kodi. Yaani daftari lililomfanya mgeni awe mkazi halali ndilo hilo hilo lililotumika kuhesabu maiti.

Naomba ulishike hilo daftari akilini, maana tutakutana nalo tena.

Katika karne ya 11 biashara ilikuwa imekwisha kurudi. Mwaka 1119 Mchina aitwaye Zhu Yu, ambaye baba yake alipata kuwa afisa Guangzhou, alikamilisha kitabu kinachoeleza maisha ya bandari ile. Anasema mtaa wa wageni ulikuwa na mkuu wake, aliyewasimamia na aliyetakiwa kuwavuta wafanyabiashara wengine waje. Mgeni akifanya kosa kubwa, shauri lilikwenda kwa wakubwa wa Kichina. Kosa dogo lilimalizwa mtaani kwao.

Ni Zhu Yu huyo huyo anayetuambia kwamba matajiri wa Guangzhou walifuga watu weusi, wenye nguvu nyingi, waliowaita watumwa mashetani. Wataalamu hawakubaliani watu hao walitoka wapi: wengine husema visiwa vya kusini-mashariki ya Asia, wengine husema kwetu, pwani ya Zenji, na yamkini walitoka pande zote mbili. Zhu Yu anaandika kwamba walipokamatwa walilishwa chakula kilichopikwa, wasichokizoea, wakaharisha siku nyingi, na hali hiyo ikaitwa kubadilishwa matumbo. Waliokufa walikufa. Waliopona ndio waliofaa kufugwa, na baada ya muda mrefu wakaanza kuelewa lugha ya watu, ingawa hawakuweza kuisema. Ninataja habari hii kwa sababu tunapenda sana kusimulia twiga aliyepelekwa China kutoka Malindi, yule ambaye mwaka 1415 mfalme wa Ming mwenyewe alitoka langoni kumpokea. Twiga ni habari tamu. Lakini inawezekana kabisa kwamba watu wetu walilala Guangzhou miaka 300 kabla ya twiga huyo, na hakuna aliyewauliza wangependa kulala wapi.

Sasa nije kwa msafiri ninayempenda kuliko wote, Ibn Battuta wa Tangier. Huyu mwaka 1331 alipita pwani yetu: Mogadishu, Mombasa, Kilwa. Kule Mogadishu aliona utaratibu ambao wazee wetu wa pwani wangeutambua mara moja. Jahazi likitia nanga, vijana wa mji waliliendea kwa mashua, kila mmoja na sinia la chakula lililofunikwa. Kijana alimwandalia mfanyabiashara mmoja, akasema huyu ni mgeni wangu. Basi imekwisha. Mfanyabiashara yule akishuka anakwenda kwa mwenyeji wake tu, na mwenyeji ndiye anayemuuzia na kumnunulia. Biashara iliyofanyika bila mwenyeji kuwapo haikutambuliwa. Aliyekuwa amekwisha kuja mara nyingi na kujulikana ndiye tu aliyeruhusiwa kushukia anapopenda.

Miaka kama 15 baadaye, kwa maelezo yake mwenyewe, Ibn Battuta akawa China. Wako wataalamu wanaotilia shaka kama kweli alifika kote anakodai. Hata hivyo habari anazotoa juu ya malazi ya wageni zina undani ambao si rahisi mtu kuubuni. Anasema mfanyabiashara Mwislamu akiingia mji wa China huchaguzwa: ama afikie kwa mfanyabiashara Mwislamu anayeishi pale, ama alale katika nyumba ya wageni. Akichagua kufikia kwa mtu, fedha zake zinahesabiwa na kukabidhiwa mwenyeji, naye mwenyeji anamtumilia kwa uaminifu. Siku ya kuondoka hesabu inafanywa tena, na kama kuna upungufu mwenyeji analipa. Akichagua nyumba ya wageni, fedha zinawekwa kwa mwenye nyumba, ambaye humnunulia kila anachotaka na kumwandikia hesabu. Wachina, anasema, hawakutaka isikike katika nchi za Kiislamu kwamba watu wanakwenda kwao na kupoteza mali.

Na usiku je? Katika kila kituo njiani palikuwa na nyumba ya wageni yenye msimamizi na askari. Jua likizama msimamizi huja na karani wake, anaandika majina ya wote watakaolala humo, anapiga muhuri, anafunga mlango. Asubuhi anarudi, anawaita mmoja mmoja kwa jina, kisha anatoa mtu wa kuwasindikiza hadi kituo cha pili. Mtu huyo sharti arudi na barua ya msimamizi wa kule kuthibitisha kwamba wote wamefika salama. Asiporudi nayo, yeye ndiye atakayewajibika. Kwa hiyo Ibn Battuta akasema China ndiyo nchi yenye usalama kuliko zote kwa msafiri, hata mtu akiwa peke yake na mali nyingi.

Kazi hii ya utangazaji imenilaza katika gesti nyingi za mikoani, na kila mara, kabla ya kupewa ufunguo na kandambili, nimesukumiwa daftari: jina, kabila, utokako, uendako. Wale wa rika langu na zaidi wanakumbuka pia habari za mjumbe wa nyumba kumi, ambaye mgeni akiingia kwako usiku sharti asubuhi umjulishe. Kwa hiyo sisi si watu wa kushangaa daftari. Tofauti ni katika kitu kimoja. Daftari la China analolisimulia Ibn Battuta lilikuwa na upande wa pili: aliyekuandika alikuwa na wajibu kwako. Ukipotea anaulizwa yeye. Daftari la namna hiyo ni dhamana. Daftari linalomhesabu mgeni bila mtu yeyote kuwajibika kwa ajili yake ni kitu kingine kabisa.

Huko Guangzhou, ambako alikuita Sin Kalan, Ibn Battuta anasema alifikia kwa tajiri mmoja mwenye asili ya Sinjar, akakaa kwake siku 14. Kwa maneno ya Kariakoo, alikuwa na wa kufikia kwake.

Karne zilizofuata nazipita haraka. Watawala wa Ming walifunga na kufungua bahari kwa zamu, Wareno wakapata pa kukaa Macau, na hatimaye mwaka 1757 mfalme Qianlong akaamua kwamba biashara yote ya baharini na Wazungu ifanyike katika bandari moja tu, Guangzhou. Hapo ndipo swali la malazi lilipofikia kilele chake.

Wazungu hawakuruhusiwa kulala ndani ya mji. Walijengewa majengo yaliyojulikana kama Kumi na Matatu, kwenye ukanda mwembamba nje ya kuta za mji, kando ya mto: chini ghala na ofisi, juu vyumba vya kulala. Waingereza, Waholanzi, Wadenmarki, Wasweden, baadaye Wamarekani, wote walibanana hapo. Majengo hayakuwa yao. Waliyapanga kwa wafanyabiashara wa Kichina wenye leseni, kundi lililoitwa Cohong, na kila meli iliyoingia ilipaswa kuwa na mdhamini kutoka kundi hilo. Mabaharia wakipigana, ushuru usipolipwa, mdhamini ndiye aliyeitwa. Mmoja wao, Wu Bingjian, ambaye Wazungu walimwita Howqua, alihesabiwa kuwa miongoni mwa matajiri wakubwa wa dunia nzima katika wakati wake. Kumbe kukaribisha wageni kunalipa.

Masharti yalikuwa mengi. Mgeni akae msimu wa biashara tu, kwa kawaida tangu Oktoba hadi mwezi wa tatu hivi, kisha aondoke aende Macau. Asiingie mjini. Asiwe na silaha. Asipige makasia mtoni kwa kujifurahisha. Kutembea kwenye bustani ng'ambo ya mto ni siku chache za mwezi, tena kwa kusindikizwa. Mchina asimfundishe lugha. Hili la mwisho halikuwa mchezo: mwaka 1759 Mwingereza James Flint, aliyekijua Kichina, alipeleka malalamiko kaskazini kwa mfalme. Yeye alifungwa miaka 3 Macau. Mchina aliyemsaidia kuandika alikatwa kichwa. Na wanawake wa Kizungu hawakuruhusiwa kabisa kukanyaga hapo. Mwaka 1830 bwana mkubwa mmoja wa Kampuni ya Kiingereza ya Mashariki ya Hindi alimleta mkewe, na wakubwa wa mji wakatishia kusimamisha biashara. Mwanamke mmoja na vitambaa vyake, dhidi ya chai ya Uingereza yote! Lakini wakubwa wale walikuwa wakifikiri vizuri kwa hesabu zao: mwanamume peke yake ni mpita njia, mwenye mke na watoto ni mkazi.

Kisha ikaja kasumba. Waingereza walikuwa wakinunua chai kwa fedha nyingi, na ili fedha irudi wakaiingiza kasumba kutoka Bara Hindi kwa magendo. Mwezi Machi 1839 mjumbe wa mfalme, Lin Zexu, alifika Guangzhou kuikomesha. Silaha yake ya kwanza haikuwa mizinga, ilikuwa malazi. Aliwafungia wageni kama 350 ndani ya majengo yale yale waliyopanga. Watumishi wote wa Kichina wakaamriwa kutoka: wapishi, wachota maji, madobi, wapagazi. Kwa muda wa wiki 6 mabwana waliozoea kuhudumiwa walijipikia wenyewe, wakafagia wenyewe. Makasha zaidi ya 20,000 ya kasumba yakasalimishwa na kuteketezwa.

Sina machozi ya kumwaga kwa ajili ya wauza kasumba. Lakini hebu tazama jambo lenyewe lilivyo. Mgeni asiye na mlango wake, anayetegemea mwenyeji hata kwa maji ya kunywa, yumo mikononi mwa mwenyeji siku zote. Ni vile tu hajabanwa bado. Lin Zexu aliubana mkono. Waingereza wakajibu kwa manowari, na vita vikaisha mwaka 1842 kwa mkataba wa Nanjing uliowapa Hong Kong na kufungua bandari tano.

Majengo Kumi na Matatu yaliungua Desemba 1856, katika vita vya pili. Safari hii Wazungu hawakutaka kupanga tena kwa mtu. Walichukua kijiti cha mchanga mtoni, kiitwacho Shamian, wakakijaza kati ya mwaka 1859 na 1861, wakachimba mfereji wa kukitenga na mji. Sehemu nne kati ya tano zikawa za Waingereza, moja ya Wafaransa. Wakajenga benki, kanisa, nyumba zenye baraza pana na miti ya kivuli. Vipo vidaraja vya kuingilia, na usiku vilifungwa kwa malango, Mchina asipite bila ruhusa. Kwa hiyo sasa mwenye mji ndiye aliyesimama nje ya lango akiomba kuingia. Tarehe 23 Juni 1925 waandamanaji wa Kichina walipokuwa wakipita upande wa pili wa mfereji, askari wa Kiingereza na Kifaransa waliwamiminia risasi kutoka Shamian, wakaua zaidi ya watu 50.

Baada ya mapinduzi ya mwaka 1949 mageti hayo yalikwisha, ila ukuta kati ya mgeni na mwenyeji haukuisha. Tangu mwaka 1957 Guangzhou ikawa na maonyesho ya biashara mara mbili kwa mwaka, majira ya machipuko na ya vuli, na kwa muda mrefu hayo ndiyo yaliyokuwa dirisha kubwa la China kwa wafanyabiashara wa nje. Wageni walilazwa katika hoteli zilizopangwa na serikali, kama Dongfang iliyofunguliwa mwaka 1961, na mwananchi wa kawaida hakuruhusiwa kuingia tu atakavyo katika hoteli za wageni. Mambo yalianza kugeuka mwaka 1983 ilipofunguliwa hoteli ya White Swan. Mjenzi wake, tajiri Henry Fok wa Hong Kong, alishikilia kwamba milango iwe wazi kwa watu wote. Wenyeji walimiminika kwa maelfu kuja kuangalia maporomoko ya maji yaliyojengwa ukumbini, na inasimuliwa kwamba kila jioni viliokotwa viatu vilivyopotea katika msongamano. Hoteli hiyo imejengwa wapi? Shamian, pale pale.

Watu wetu waliingia katika historia hii kwa wingi mwishoni mwa miaka ya 1990. Kabla ya hapo Mwafrika mwenye duka alikwenda Dubai, Bangkok, Jakarta au Hong Kong. Msukosuko wa fedha wa Asia wa mwaka 1997 uliwasukuma wengi kutafuta chimbuko la bidhaa zenyewe, na China ilipoingia Shirika la Biashara Duniani mwaka 2001 mlango ukafunguka zaidi. Wakajikuta Xiaobei, kuzunguka jengo la Tianxiu, na wengine, hasa Wanigeria, upande wa Sanyuanli. Tazama walichokifuata Xiaobei: jirani na kituo cha reli na masoko ya jumla, na migahawa ya Waislamu wa China wanaouza nyama ya halali. Si mbali sana kutoka pale lipo kaburi ambalo Waislamu wa mji hulinasibisha na sahaba Abi Waqqas, na swala ya Ijumaa ya pale imekuwa ikijaa Waafrika. Ni mtaa wa wageni umezaliwa upya, bila mtu kuutangaza. Madereva wa teksi na magazeti wakaupa jina la Mji wa Chokoleti. Walioitwa hivyo hawakulipenda, na mimi nawaunga mkono.

Na namna ya kufikia ilikuwa ile ile ya Ibn Battuta. Ama hoteli, ama kwa mwenyeji. Mwenyeji ni Mtanzania au Mkenya au Mkongo aliyekaa miaka, anajua Kichina cha sokoni, amepanga fleti yenye vyumba vitatu, ana magodoro. Anakupokea uwanja wa ndege, anakupeleka kiwandani, anakukusanyia mzigo kwenye kontena, anakupikia ugali, na kamisheni yake anaichukua humo humo. Wapo waaminifu ambao watu wanawatumia fedha kutoka Dar es Salaam kwa simu tu. Wapo pia wengine, ambao habari zao kila mtu pale Kariakoo anazo.

Tatizo la fleti ni lile daftari. Sheria ya China inayotumika tangu Julai 2013 inamtaka mgeni asiyelala hotelini ajiandikishe polisi ndani ya saa 24, na asipofanya hivyo anaweza kutozwa hadi yuan 2,000. Hoteli inakuandikisha yenyewe. Katika fleti sharti mwenye nyumba akubali kwenda nawe. Wenye nyumba wengi hawapendi. Kwa hiyo wengi wetu walilala bila kuandikishwa, wakawa wakisikia mlango unagongwa wanashika roho. Mwezi Julai 2009 Mnigeria mmoja aliyekuwa akikimbia ukaguzi wa pasipoti alijirusha kutoka juu ya jengo akaumia vibaya, na Waafrika zaidi ya 100 wakakusanyika mbele ya kituo cha polisi kupinga.

Lakini kilichotokea Aprili 2020 hakikujali nani aliandikishwa na nani hakuandikishwa. Ugonjwa wa korona ulikuwa umetulia China, baadhi ya Wanigeria wakakutwa nao, na ghafla mji mzima ukaona ugonjwa katika rangi ya ngozi. Watu wenye viza halali, waliolipa kodi ya pango, walitolewa vyumbani. Hoteli zikawakataa. Tuliona picha za vijana wenye mabegi wamelala kando ya barabara, baridi ya usiku ikiwapiga, hata pale waliposema wamepimwa na hawana kitu. Mji ulisema ulikuwa na Waafrika 4,553, na wote wakapimwa. Mabalozi wa Afrika mjini Beijing waliandika barua ya kulalamika, na Mwenyekiti wa Kamisheni ya Umoja wa Afrika, Moussa Faki Mahamat, akamwita balozi wa China. Baadaye mamlaka za jimbo la Guangdong zikapiga marufuku hoteli, maduka na wenye nyumba kubagua wageni. Siku zile za katikati, waliopeleka chakula barabarani ni Waafrika wenzao waliosalimika na Wachina wachache wa kujitolea. Niseme hilo kwa haki.

Nimesikia watu wakisema funzo la 2020 ni kulala hoteli kubwa. Sikubaliani nao sana. Hoteli ndizo zilizokuwa za kwanza kufunga milango. Kilichokosekana ni yule mtu wa mwaka 851, mwamuzi aliyejulikana na pande zote mbili, au yule msimamizi wa kituo aliyetakiwa kuleta barua kwamba mgeni amefika salama. Leo Uganda na Tanzania zina ubalozi mdogo Guangzhou. Hilo ni jambo jema, lakini mfanyabiashara wetu wa kawaida huukumbuka ubalozi siku pasipoti imepotea. Siku ya kufika hapiti kuandika jina lake. Na ubalozi nao, nadhani, ungeweza kutoka nje kidogo na kumfuata Xiaobei badala ya kumngoja afike dirishani.

Mwaka 2024 serikali ya China iliagiza kwamba hoteli zisimkatae mgeni wa nje kwa kisingizio cha kutokuwa na kibali cha kupokea wageni. Hata hivyo, kabla ya kulipia, uliza kwanza kama wanapokea pasipoti yako, na hasa kama unakwenda wakati wa maonyesho, Aprili na Mei au Oktoba na Novemba, vyumba vinapojaa na bei kupanda. Ukifikia kwa mwenyeji, mwombe siku hiyo hiyo mwende polisi mkaandikishe, na ile karatasi wanayokupa uikunje ndani ya pasipoti. Akisita sita, bora ujue mapema. Namba ya simu ya ubalozi mdogo iandike pia kwenye karatasi, usiiache katika simu peke yake, maana simu huisha chaji.